Zawadi ya Mtoto Anayekuja: Tuombe Nini, Tuache Nini?

SOMO LETU

Baada ya kusoma somo hili utaweza:
- kueleza kwa nini siku 28 za kwanza za mtoto zinahitaji maandalizi;
- kuandika orodha ya zawadi zinazofaa kwa mama na mtoto;
- kutaja zawadi 5 ambazo ni nzuri kwa macho lakini zinaweza kuleta madhara.

Mpenzi msomaji, bila shaka umewahi kusikia habari za bebi shawa. Ni sherehe ya kumpongeza mama mjamzito na kumpa vitu vya mtoto kabla hajajifungua. Desturi hii ilienea sana Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na siku hizi imeingia katika miji yetu, kama vile kicheni pati ilivyozoeleka kwa bibi harusi. Lakini usidhani jambo lenyewe ni geni kwetu. Bibi zetu walikuwa wakienda kumwona mzazi na khanga, sabuni, unga wa ulezi na kuku wa supu. Kilichobadilika ni siku ya kutoa na aina ya vitu.

Na hapo kwenye aina ya vitu ndipo penye kazi. Tuseme dada yako ana mimba ya miezi 8. Wageni 15 wanakuja Jumamosi. Jioni unahesabu: mabeseni 4 ya rangi ya waridi, mdoli mkubwa kuliko mtoto mwenyewe, viatu jozi 6 (mtoto ataanza kutembea karibu na mwaka mmoja!), chupa za kunyonyeshea 3 na mto wenye manyoya. Picha zimependeza kweli. Wiki mbili baadaye uchungu unaanza saa 8 usiku, na nyumbani hakuna hela ya bajaji. Hebu niambie, zawadi zile zilimsaidia nani?

"Sasa mimi mwanafunzi nahusika vipi?" Unahusika sana. Mjamzito anaweza kuwa dada yako, shangazi, mke wa kaka, mwalimu wako, au hata rafiki uliyesoma naye. Mara nyingi vijana ndio tunaoandika kadi, tunaotuma ujumbe kwa wageni na tunaokimbizwa dukani. Basi tujue tunachokifanya.

KWA NINI SIKU 28?

Duniani, karibu nusu ya vifo vya watoto walio chini ya miaka 5 hutokea katika siku 28 za kwanza za maisha. Kati ya hao wachanga, karibu robo tatu hufariki katika wiki ya kwanza tu. Sababu kubwa ni kuzaliwa kabla ya wakati, matatizo ya wakati wa kuzaliwa kama kushindwa kupumua, maambukizi ya vijidudu, na kasoro za kuzaliwa nazo.

Habari njema ni kwamba vifo vingi kati ya hivyo vinaweza kuzuiwa. Vinazuiwa na mambo ambayo hayana urembo wowote: kufika kituo cha afya mapema, mhudumu mwenye ujuzi, joto, usafi na maziwa ya mama. Kwa hiyo zawadi nzuri ni ile inayosaidia mojawapo ya mambo hayo.

Kabla ya kuandika kitu chochote kwenye orodha, jiulize maswali 3:
1. Je, kitatumika siku ya kujifungua au katika wiki za mwanzo?
2. Je, ni salama kwa mtoto mchanga?
3. Je, mama hana tayari, au hakipati bure kliniki?

Kikishindwa swali la 2, kifute kabisa. Kikishindwa la 1 au la 3, kisubiri.

KUNDI LA KWANZA: SAFARI NA SIKU YENYEWE

Zawadi ya kwanza kabisa ni nauli. Usicheke! Wataalamu wa uzazi husema mama hufa kwa ucheleweshaji wa aina 3: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Bahasha ya nauli hupunguza ule wa pili, na hata ule wa kwanza, maana familia isiyo na hela huahirisha uamuzi. Hela hiyo iwekwe kando, au kwenye simu, na isiguswe kwa kununulia sukari. Pamoja nayo, andika kwenye karatasi namba za simu za madereva wawili wa bajaji au teksi waliokubali kuamshwa usiku.

Ya pili ni begi la kujifungulia. Mwambie mama aulize kliniki yake ni vitu gani hasa aje navyo, kwani vituo vinatofautiana. Mara nyingi hutajwa khanga au vitenge safi, pedi, pamba, sabuni, beseni, na katika vituo vingine mpira wa kutandika kitandani na glovu. Wageni watatu wakichangia, begi limejaa.

Zingatia khanga. Mtoto akizaliwa ana majimaji mwilini, na majimaji yakikauka humpoza haraka. Mhudumu humkausha mara moja kwa kitambaa safi, kisha humlaza kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, na kumfunika kwa kitambaa kingine kikavu. Kwa hiyo khanga moja haitoshi. Doti 2, yaani vipande 4, zilizofuliwa, zikaanikwa juani, zikapigwa pasi na kufungwa kwenye mfuko safi, ni zawadi ya maana kuliko mdoli. Ongeza kofia ndogo na soksi, kwa sababu kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa ukilinganisha na mwili wake na hupoteza joto jingi.

KUNDI LA PILI: NYUMBANI

Chandarua chenye dawa. Malaria ni hatari kwa mjamzito na kwa mtoto. Tanzania, mjamzito hupewa chandarua kliniki bila malipo, kwa hiyo uliza kwanza. Kama anacho, hela hiyo inunue kitu kingine.

Nepi. Hebu tufanye hesabu kidogo. Mtoto mchanga anaweza kubadilishwa nepi mara 8 hadi 12 kwa siku. Nepi za kitambaa dazeni 2 zinatosha kama siku mbili huku nyingine zikifuliwa. Wakati wa masika nguo hazikauki upesi, basi dazeni ya tatu haitapotea. Nepi za dukani za kutupa husaidia safarini na usiku, lakini zinakwisha. Za kitambaa zitamngoja hata mdogo wake.

Na pasi je? Ni ya lazima. Katika sehemu nyingi za Afrika kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa nje. Funza wake huingia chini ya ngozi na kufanya kitu kama jipu. Pasi ya moto, ikipita hadi kwenye mishono, huua mayai hayo.

Nguo. Watu wengi hununua nguo ndogo kabisa kwa sababu zinapendeza. Lakini mtoto aliyezaliwa na kilo 3 kwa kawaida hufika kilo 6 akiwa na miezi kama 5, na kilo 9 akitimiza mwaka. Zile nguo ndogo atazivaa wiki chache tu. Omba nguo chache za kuzaliwa nazo, na wageni wengine walete za miezi 3 hadi 6 na miezi 6 hadi 12. Ziwe za pamba, zenye kufunguka mbele, bila vifungo vinavyong'oka wala kamba ndefu shingoni. Mitumba ni sawa kabisa, mradi ifuliwe vizuri na kupigwa pasi.

Vitu vya usafi. Sabuni ya kunawia mikono, ndoo yenye bomba, taulo laini, wembe mpya au kikata kucha. Huyo mgeni mwenye hela kidogo akileta miche ya sabuni, mshangilie! Mikono michafu ya sisi wageni ndiyo inayomletea mtoto vijidudu. Kumbuka pia kwamba mtoto haogeshwi mara tu anapozaliwa. Inashauriwa kusubiri saa 24 ili asipate baridi. Na kitovu kiachwe kikavu na kisafi. Hakihitaji majivu, mate, mafuta wala kinyesi cha ng'ombe, ila dawa aliyotoa mhudumu wa afya, kama ameitoa.

Kipimajoto. Ni kidogo lakini kina kazi kubwa. Joto la kawaida la mtoto mchanga, likipimwa kwapani, ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likizidi au likipungua hapo na lisirudi baada ya kumfunua au kumkumbatia kifuani, aende hospitali.

MAMA NAYE ASISAHAULIWE

Ukitazama sherehe nyingi utadhani mtoto anajizaa mwenyewe. Vitu vyote ni vyake! Kumbe mama ndiye atakayekuwa na kidonda, kizunguzungu na usingizi wa nusu saa nusu saa. Muulize atapenda nini. Pedi za kutosha, chupa ya chai ya kuweka uji usiku, unga wa lishe, dagaa, maharage, mayai, sidiria ya kunyonyeshea, gauni la kufunguka mbele. Hivyo vyote ni zawadi za mtoto pia, maana mama akila vizuri anapata nguvu ya kumlea.

Ipo na zawadi ambayo haifungwi kwa karatasi: damu. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni sababu kubwa inayoua akina mama duniani. Kama umefikisha miaka 18, una kilo 50 au zaidi na afya yako ni njema, unaweza kuchangia damu Tanzania. Kama bado, waambie kaka na baba.

ZAWADI ZA KUFIKIRIA MARA MBILI

1. Chupa ya kunyonyeshea na maziwa ya kopo. Kwa miezi 6 ya mwanzo mtoto anahitaji maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Kadiri mtoto anavyonyonya ndivyo maziwa yanavyotengenezwa. Akipewa chupa, ananyonya kidogo na maziwa yanapungua. Chupa isiyochemshwa vizuri huleta kuhara. Na kopo likikaribia kwisha, watu huongeza maji ili lidumu, mtoto akakosa lishe. Ndiyo maana mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha mwongozo wa kuzuia matangazo ya bidhaa hizi, na Kenya ikatunga sheria yake mwaka 2012. Ila angalia ulimi wako: wapo mama wachache ambao, kwa sababu za kiafya, wameshauriwa na mhudumu kutumia maziwa mengine. Usimhoji mtu wala kumsema. Na mama anayeishi na VVU, akitumia dawa zake vizuri na kufuata ushauri wa kliniki, anaweza kunyonyesha.

2. Mito, duveti na midoli ya manyoya. Mtoto mchanga hawezi kuondoa kitu kilichomfunika pua. Alazwe chali, kwenye godoro gumu kiasi, bila mto. Ule mto wenye manyoya ukae kwenye kochi.

3. Poda na wanja. Vumbi la poda likivutwa linaumiza mapafu ya mtoto. Wanja nao, najua bibi atanuna, lakini aina nyingine zimekutwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo unaokua. Mtoto ni mzuri bila wanja.

4. Vidonge vyeupe vya kuweka kabatini kufukuza wadudu, yaani naftalini. Watu wengi hutunza navyo nguo za mtoto wa kwanza ili avae wa pili. Hapa pana hatari ambayo wengi hawaijui. Baadhi ya watoto, hasa katika nchi zenye malaria, huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD kinacholinda chembe nyekundu za damu. Wakivaa nguo zenye naftalini, chembe hizo huvunjika kwa wingi, mtoto akawa wa manjano. Umanjano ukizidi huweza kuharibu ubongo. Kwa kumtazama tu huwezi kujua nani anao upungufu huo, kwa hiyo usitumie naftalini kwenye nguo za mtoto yeyote. Nguo zilizonunuliwa zikinuka vidonge hivyo, ni afadhali kuziacha.

5. Kigari cha kujifunzia kutembea. Hakimfundishi mtoto kutembea. Kinampa mwendo wa kufika kwenye ngazi, jiko la mkaa na sufuria ya chai kabla hamjageuka. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004.

NAMNA YA KUOMBA BILA KUONA HAYA

"Lakini kwetu mtu haombi zawadi, anashukuru anachopewa." Kweli kabisa, na uungwana huo tusiutupe. Mama mjamzito asiombe mwenyewe. Shangazi, wifi, somo wake au rafiki ndiye ashike orodha. Mgeni akiuliza "nilete nini?", anajibiwa, "Shoga, bado nepi na nauli, chagua moja." Kila kitu kikichukuliwa kinakatwa kwenye daftari, na mabeseni hayatafika manne. Asiyeuliza, akaleta mdoli, apokelewe kwa mikono miwili na ahsante. Kutoa ni moyo.

Zipo pia familia ambazo hazipendi kuandaa vitu vya mtoto kabla hajazaliwa, kwa kuogopa mkosi. Msibishane na wazee. Nauli, khanga, beseni, sabuni na chakula ni vitu vya mama. Vinatolewa mapema bila kumkwaza mtu. Nguo za mtoto zingoje siku ya kwenda kumwona mzazi. Na ikitokea bahati mbaya mtoto asiishi, vitu vya mama bado vitamfaa, wala hatarudi kwenye chumba kilichojaa midoli.

"MIMI SINA HELA"

Wanafunzi 40 wakitoa shilingi 500 kila mmoja, hizo ni shilingi 20,000. Kama hata hiyo 500 hamna, mna mikono. Chukua kadi, andika: "Nitakuchotea maji kila Jumamosi kwa wiki 6." Au: "Nitafua nepi Jumatano na Jumapili." Au: "Nitamwangalia mtoto wako mkubwa ukienda kliniki." Wavulana, msijifiche nyuma ya dada zenu, ndoo haijui jinsia.

Zawadi nyingine ya bure ni kadi ya ukutani ya dalili za hatari. Iandike kwa herufi kubwa:

MTOTO: hanyonyi, anapumua haraka au kwa shida, ana degedege, ana joto kali au ni wa baridi, amekuwa wa manjano, kitovu ni chekundu au kina usaha.
MAMA: anatokwa na damu nyingi, ana homa, kichwa kinauma sana au haoni vizuri, ana degedege.
UKIONA HATA MOJA: HOSPITALI SASA HIVI, USISUBIRI ASUBUHI.

Na kama mjamzito ni msichana mliyekuwa naye darasani? Hapo ndipo utu wetu unapopimwa. Wengi huishia kumcheka, halafu kumsahau. Mnamo Novemba 2021 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba wanafunzi waliojifungua wanaruhusiwa kurudi shuleni. Basi zawadi zake ziwe za mtoto na za shule pia: madaftari, nakala za masomo aliyokosa, kalamu, na rafiki wa kumsomesha. Mwandikie kwenye kadi kwamba dawati lake bado lipo.

JIPIME MWENYEWE

1. Una shilingi za kununua kitu kimoja: viatu vya mtoto au doti ya khanga. Utachagua kipi, na kwa nini?
2. Shangazi amehifadhi nguo za mtoto kwa naftalini. Utamwambia nini kwa heshima?
3. Mjamzito tayari amepewa chandarua kliniki. Mgeni anataka kuleta kingine. Utamshauri alete nini?
4. Kweli au si kweli: mtoto wa miezi 2 apewe maji siku za joto.

Majibu: (1) Khanga; itamkausha na kumpa joto tangu dakika ya kwanza, viatu atavihitaji akianza kutembea. (2) "Shangazi, ahsante kwa kututunzia, lakini dawa hii inaweza kuvunja damu ya mtoto, heri tumtafutie nguo nyingine." (3) Kitu ambacho bado hakijakatwa kwenye orodha, kwa mfano nauli au nepi. (4) Si kweli. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi.

KAZI YA NYUMBANI: Muulize mama au bibi yako ni zawadi gani moja iliyomsaidia zaidi alipojifungua. Andika majibu ya wenzako 10, myajadili kwenye klabu yenu ya afya, kisha mtengeneze orodha ya zawadi inayofaa kwa mtaa wenu. Ibandikeni mahali ambapo akina shangazi wataiona kabla ya kwenda dukani.